Risala za wahitimu zisomwe zote, na zijibiwe

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua. Mi ni mzazi, binti yangu yuko kidato cha tatu shule ya bweni ya wasichana hapa mkoani Morogoro, shule siitaji jina sababu nimeongea na wazazi wenzangu wenye mabinti shule zingine za bweni na karibu wote wananiambia hata kwao ni hivyo hivyo.

Shule ndo zimefungwa, mabinti wako nyumbani, mahafali ya kidato cha nne yalishapita toka Septemba na Oktoba huko kabla hawajaingia kwenye mtihani wa NECTA mwezi wa kumi na moja, na sisi wa kidato cha tatu tulialikwa pia maana mwakani ni zamu yetu. Nianze kwa kusema sherehe ilifana, tena ilifana kweli. Wahitimu waliingia kwa madaha mistari miwili, wamama vigelegele mpaka koo zinakauka, kwaya imeimba, igizo limechezwa. Ila kilichonishika mi ni meza za maabara. Kulikuwa na binti wa kidato cha pili, mwembamba, koti jeupe limemzidi mpaka mikono kaikunja, mbele yake ana maji ya rosela kwenye bilauri za kioo, anadondoshea limao yanakuwa mekundu ya kung'aa, anadondoshea maji ya majivu yanageuka kijani, huku anatuelezea asidi ni nini na besi ni nini hasomi popote, baba mmoja akamuuliza sasa ukichanganya zote mbili je, akamjibu "subiri uone baba", na watu wote tukasubiri. Watoto hawa wana akili na wanajieleza, hilo mtu yeyote aliyekuwepo pale ameliona.

Sasa ndo nauliza, inakuwaje watoto wanaojieleza hivi, ukifika wakati wao wa kuongea yanayowahusu wanakatwa?

Kadi iliandikwa saa nne asubuhi, mgeni rasmi kafika saa nane. Ratiba ikabanwa, na kilichobanwa ni risala ya wahitimu. MC kasema kwenye spika "wahitimu risala yenu iwe kwa ufupi sana muda umetutupa mkono", binti ana karatasi tatu mkononi, kasoma ya kwanza, ya pili kairuka yote, akamalizia shukrani. Baada ya hapo harambee ikachukua muda wake wote, keki ikalishwa meza kuu na kamati na wafadhili, hotuba ndefu, zawadi, picha. Risala ikatiwa kwenye bahasha ikakabidhiwa kwa mgeni rasmi, ikaingia kwenye gari, ikaondoka.

Mi nimeisoma yote baadae tu, nakala ilirushwa kwenye grupu la WhatsApp la wazazi. Ile karatasi iliyorukwa ndo ilikuwa na mambo yote. Maji ya bomba yanatoka kwa mgao na kisima pampu imekufa, wakiwa kwenye siku zao wanashindia ndoo moja. Mwalimu wa fizikia ni mmoja shule nzima. Alafu kuna aya inayohusu bweni, hiyo niliisoma nikairudia. Wanasema bweni lina milango miwili, wa nyuma umefungwa kufuli kwa nje na ufunguo anakaa nao matroni ambaye analala nyumba ya pembeni, madirisha yote yana nondo, na vitanda vya deka vimeongezwa mpaka matranka yanapangwa njiani. Wameandika na sababu, hawajamlaumu mtu: shule haina uzio upande wa mtoni, watu wameshawahi kuingia usiku, ndo uongozi ukafunga ule mlango kwa usalama wao. Wakaomba uzio, na wakati uzio unasubiriwa wakaomba ule mlango uwekwe komeo la ndani badala ya kufuli la nje. Komeo! Kitu ambacho fundi wa mtaani anakifunga asubuhi moja.

Ndugu mhariri, nchi hii tumeshazika watoto kwa jambo hili. Mwaka 1994 Shauritanga kule Rombo, bweni liliungua wakafa wasichana wapatao 40. Mwaka 2009 Idodi, Iringa, wakafa wasichana 12. Wenzetu Kenya Machi 1998 shule ya wasichana Bombolulu huko Kwale walipoteza 26, na pale mlango ulikuwa umefungwa na madirisha yana nondo, watoto wamekosa pa kutokea. Kwa hiyo msichana wa miaka 17 akiandika kwenye risala kwamba mlango wa nyuma una kufuli, hiyo sio "changamoto" ya kusomwa kwa ufupi, hilo ni jambo la kusimamisha sherehe dakika kumi watu wazima tukasikilizane.

Najua kuna watakaosema wakuu wa shule wana presha, hawataki shule ionekane mbaya mbele ya wageni, na nimeambiwa sehemu zingine risala inapitiwa kwanza na mwalimu anafuta yale makali ndo isomwe. Nawaelewa, wanaongoza shule kwa hela ndogo na lawama nyingi, na toka ada zifutwe sekondari mwaka 2016 wanafunzi wameongezeka, mabweni hayajaongezeka kwa kasi hiyo. Lakini kufunika kombe mwanaharamu apite kwenye uhai wa watoto hapana. Mgeni rasmi akisikia tatizo siku ile mbele ya watu mia kadhaa ndo anaweza kubanwa akajibu, na mzazi mwenye duka la vifaa vya ujenzi yuko pale pale kakaa kwenye kiti cha plastiki, angesikia habari ya komeo angelitoa siku hiyo hiyo, mi naamini hivyo kabisa. Tulichangishwa hela ya mapambo na keki na tukatoa, tungeshindwa vipi la komeo?

Ninachoomba ni hiki. Risala ya wahitimu isomwe mapema kabla ya harambee, yote, mgeni awe amefika au hajafika. Kwenye ripoti ya kufunga shule ya Desemba, ile tunayoletewa na maksi na orodha ya vitu vya kurudi navyo Januari, rimu ya karatasi, fagio la chelewa, skwiza, ndoo, jembe, basi iambatanishwe na risala na majibu ya uongozi pembeni, hiki tumefanya, hiki kinasubiri hela, hiki hatuwezi na sababu yake. Na mwakani kabla risala mpya haijasomwa, isomwe ya mwaka huu kwanza, na zile ahadi za mifuko ya saruji na kompyuta zisomwe na majina ya walioahidi. Zikitimia tuwapigie makofi maana wanastahili.

Jeshi la Zimamoto na Uokoaji nao naomba waalikwe kwenye hizi sherehe, waje na mtungi mmoja tu wawaonyeshe mabinti unashikwaje, wakague na mabweni wakiwa hapo, na ile namba yao ya 114 iandikwe ukutani kila bweni. Wathibiti ubora wa shule wakipita wafungue kila mlango wa bweni kwa mkono wao, wasiishie ofisini kwenye mafaili.

Na wazazi wenzangu, Januari ukimpeleka binti yako, kabla hujashusha tranka muombe matroni akufungulie mlango wa nyuma ukiwa umesimama hapo. Ukiona una kufuli kwa nje usiondoke mpaka upate jibu, tena jibu lenye tarehe.

Mama wa binti wa bweni,
Morogoro