Watoto watazame wanyama kabla ya kushika rangi

Mhariri,

Kuta za madarasa mengi ya chekechea na gredi za chini hapa Nairobi zimejaa michoro ya chuimilia, dubu na pengwini, wanyama ambao hawaishi mwituni popote nchini Kenya. Kando yao huwa kuna "chui" aliyepewa madoa ya duma. Michoro hiyo hutokana na vitabu vya kupaka rangi vinavyouzwa madukani. Mtoto aliyeichora hupita chini ya miti wanakotua korongo wakubwa karibu na Uwanja wa Nyayo, na huamshwa alfajiri na kelele za ndege waitwao kwarara, lakini hakuna aliyewahi kumwambia awachore hao.

Mtaala wa umilisi una somo la Sanaa Bunifu, kwa hivyo muda upo. Kinachokosekana ni mpangilio: mtoto atazame kwanza, rangi zije baadaye.

Chukua duma na chui, ambao hata watu wazima huwachanganya. Duma ana doa jeusi moja moja, lililojaa, na mistari miwili myeusi inayoshuka kutoka machoni hadi kwenye pembe za mdomo kama machozi. Chui hana machozi hayo, na madoa ya ubavuni mwake yamejikusanya kwa miduara, katikati pakiwa na rangi iliyokoza kidogo kuliko ngozi iliyobaki. Wape watoto karatasi mbili zilizopakwa manjano na kukauka. Kwa duma, kifutio kilicho nyuma ya penseli kinatosha kuwa muhuri. Kwa chui, kata bamia nene kwa upana, toa mbegu, nawe umepata muhuri wa pembe tano wenye uwazi katikati. Bamia ikatwe nusu saa mapema na ipanguswe, maana ikiwa mbichi ina ute na rangi huteleza. Rangi iwe nzito kama maziwa lala, imiminwe juu ya kipande cha sponji ndani ya sahani, na mtoto agonge muhuri kwenye sponji. Akiuchovya ndani ya rangi, uwazi wa katikati hujaa na chui hugeuka duma. Likitokea hilo, msimkaripie. Waulizeni wenzake sasa huyo ni mnyama gani. Kisha waelezeni kwamba chui hunyemelea vichakani, na madoa yake huvunja umbo la mwili kwenye mwanga na kivuli cha majani.

Zoezi la nyayo ndilo bora kuliko yote, nalo halihitaji safari ya mbugani. Tandaza udongo laini wenye unyevu, kina cha sentimita tatu, kwenye sinia pana, usawazishe kwa rula, weka chakula kidogo katikati na uliache nje usiku kucha. Asubuhi utakuta nyayo za paka, mbwa, ndege, pengine nguchiro. Zungushia unyayo ukanda wa kadibodi wenye kimo cha sentimita tano. Pima vikombe viwili vya plasta ya Paris kwa kikombe kimoja cha maji. Plasta ndiyo inyunyizwe kwenye maji. Ukifanya kinyume inashika mabonge. Koroga polepole, kwa sababu kukoroga kwa kasi huingiza viputo vinavyotoboa umbo. Ikifikia uzito wa uji, mimina kando ya unyayo ijitiririkie yenyewe, isije ikachimba udongo. Ngoja angalau nusu saa kabla ya kuinua, na siku nzima kabla ya kusugua kwa brashi. Anayeinua mapema huvunja vidole vya umbo hilo.

Mtoto asitumbukize mkono kwenye plasta, kwa sababu hupata joto inapoganda na inaweza kumuunguza. Mabaki yasimwagwe kwenye sinki. Yataganda ndani ya bomba.

Umbo likishakauka, linganisheni. Unyayo wa mbwa una alama za kucha, wa paka hauna, kwa kuwa paka huzirudisha ndani anapotembea. Simba na chui hufanya vivyo hivyo. Duma ni wa jamii ya paka, lakini kucha zake hazirudi ndani kikamilifu, ndiyo maana huonekana kwenye nyayo zake.

Kwa ufinyanzi, faru wanafaa sana, na spishi zote mbili zipo katika Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946. Watoto hupaka faru mweusi rangi nyeusi na mweupe nyeupe, ilhali wote ni wa kijivu. Tofauti iko mdomoni: mweusi ana mdomo wa juu uliochongoka wa kushikia matawi, mweupe ana mdomo mpana wa kulia nyasi. Basi wafinyange vichwa tu.

Rangi zinaweza kutoka ardhini. Chekecha udongo mwekundu kwa kichujio cha chai, changanya vijiko vitatu na kijiko kimoja cha gundi nyeupe, ongeza maji kidogo kidogo. Udongo mweusi wa upande wa Embakasi haufai kupakwa kwa wingi: hufura ukiwa na maji na kupasuka ukikauka, kama unavyopasua kuta za nyumba. Makaa yaliyosagwa ni bora.

Kuna mambo mawili ambayo walimu wengi hawayaangalii. Msikusanye manyoya ya ndege wa porini wala miiba ya nungunungu, kwa kuwa Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inahesabu viungo vya wanyama wa porini kuwa nyara. Manyoya ya kuku, yakioshwa kwa sabuni na maji moto, yanatosha. Pia, watoto wanapookota majani, wasikaribie ua wa mnyaa. Utomvu wake mweupe ukiingia jichoni hudhuru vibaya.

Tunawaomba wachapishaji wa vitabu vya kupaka rangi wawachore kima wa Msitu wa Karura, nguchiro na kwarara pale walipomweka chuimilia. Na walimu wakuu waruhusu dakika kumi za kwanza za kipindi zitumike nje, watoto wakiwa na penseli pekee.

Walimu wa Sanaa Bunifu,
Nairobi