Ushuru wa soko ulitunze soko

Mhariri,

Kila soko linapoungua nchini, tunaahidiwa soko jipya. Naomba gazeti lako litusaidie kuuliza swali linalotangulia ahadi hiyo: fedha za kulitunza soko lililopo ziko wapi?

Soko Kuu la Kariakoo, lililofunguliwa na Mwalimu Nyerere Desemba 1975, ni kazi ya msanifu Mtanzania, Beda Amuli. Paa lake la zege alilichora kama miavuli iliyopinduliwa, ili likinge maji ya mvua na kuyashusha kwenye matangi chini ya jengo. Alijua soko haliendi bila maji. Usiku wa Julai 10, 2021 likaungua, na Serikali ikatenga zaidi ya shilingi bilioni 28 kulikarabati na kujenga jingine kando yake. Kabla mwaka haujapita, Januari 2022, Soko la Karume nalo likateketea.

Ujenzi naupongeza kwa moyo wote. Hofu yangu ni miaka inayofuata baada ya utepe kukatwa.

Nauza nyanya katika soko moja la jiji hili. Asubuhi mtoza ushuru hupita na mashine yake, ninalipa, ninapewa risiti. Choo nalipia kivyake, taka kivyake. Masika yakianza, mtaro ulio nyuma ya vizimba hufurika kwa kuwa umeziba, nasi hupandisha matenga juu ya matofali. Nyanya iliyolowa haifiki jioni. Mteja akiona tope hilo anaghairi, ananunua kwa machinga barabarani, kisha mgambo hutumwa kumfukuza machinga. Lakini aingie ndani amuuzie nani, ikiwa wateja wameshakimbia tope? Tukiuliza uongozi wa soko, jibu ni lilelile: makusanyo yote yamepelekwa halmashauri, fungu la ukarabati halijaja.

Umeme ndio unaoninyima usingizi zaidi. Waya mmoja huvutwa kutoka kizimba hadi kizimba, juu ya viroba na maboksi, hadi kwa mama lishe. Njia ambayo gari la zimamoto lingepita imejaa meza. Sisi wafanyabiashara hulaumiwa kwa hayo, na lawama ina ukweli. Ila meza hizo nazo hutozwa ushuru kila siku, na anayetoza anaona zilipo.

Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kwa kuwa fungu hilo limetajwa kisheria, diwani anaweza kulihoji na CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, hulikagua. TAMISEMI, ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, iweke utaratibu wa aina hiyo kwa masoko: sehemu ya ushuru irudi katika soko lililoutoa, izibue mtaro, ikague nyaya, ihudumie mitungi ya kuzimia moto. Kiasi kilichokusanywa na kilichotumika kibandikwe kwenye ubao wa soko kila mwezi, na kamati ya wafanyabiashara iwe na sauti katika kuamua kinachoanza kutengenezwa.

Najua nitajibiwa kwamba ushuru wa soko ndio unaosaidia zahanati na madarasa katika kata zisizo na chanzo kingine cha mapato. Ni hoja nzito, siibezi. Lakini soko likiungua, ushuru unakoma siku hiyohiyo, na zahanati hiyo inakosa pamoja nasi.

Mwaka mpya wa fedha huanza Julai 1. Kabla ya kupitisha bajeti, madiwani wa Dar es Salaam watuonyeshe, soko kwa soko, ni kiasi gani kilikusanywa mwaka uliopita na ni kiasi gani kilirudi kulitengeneza.

Mfanyabiashara wa nyanya,
Dar es Salaam