Kabla hamjapita tena lango la kambi

Afande mwenzangu,

Salaam nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Barua yako imenifikia, na nimefurahi mno kusikia kwamba kamati imekukabidhi wewe kazi ya kuwarudisha wenzetu tuliotumikia nao jeshini kwenye kambi yetu ya zamani, kwa ziara ya kuwakumbuka marehemu. Umeuliza uanzie wapi. Anza na orodha ya majina. Mahema, hotuba na mashada ya maua vinaweza kusubiri. Orodha haisubiri, maana kila mwezi unaopita unaondoka na mtu aliyekuwa akikumbuka nani alikuwa platuni ipi, yaani kikosi kidogo kipi cha askari.

Chukua daftari, kila kombania, yaani kundi la platuni kadhaa, iwe na kurasa zake. Mbele ya kila jina andika namba ya jeshi, miaka aliyokaa pale, jina la utani na simu ya ndugu wa karibu. Jina la utani usilidharau: wengi wamesahau ukoo wa mtu waliyechimba naye handaki, lakini ukitaja la utani sura inawajia papo hapo. Namba ya jeshi nayo ndiyo inayotenganisha wawili wenye jina moja. Majalada ya serikali usiyategemee peke yake. Moto wa Julai 1973 pale St. Louis, Marekani, uliteketeza majalada ya wanajeshi kati ya milioni 16 na 18, na nakala hazikuwepo. Kwa hiyo waombe wote watafute vyeti vya utumishi na picha za zamani masandukuni, wavipige picha mbele na nyuma. Nyuma ya picha ndiko majina huandikwa.

Ukiambiwa fulani amefariki, usimhamishie upande wa marehemu mpaka familia yake ithibitishe, au watu wawili ambao hawakusikia habari hiyo kwa mtu mmoja. Jina la aliye hai likisomwa kati ya marehemu mbele ya mnara wa kumbukumbu, hakuna radhi itakayotosha. Na la marehemu likiachwa, mjane wake aliyekaa mstari wa mbele atalisubiri hadi mwisho.

Kama kambi bado ina kikosi, mwandikieni mkuu wa kikosi miezi mitatu kabla, msipungue hapo. Ambatanisheni majina, namba za vitambulisho na namba za magari, na mwulize wazi kuhusu simu na kamera. Getini ndipo mambo hukwama: mtu anakuja na mjukuu ambaye hayumo kwenye orodha, mlinzi hana mamlaka ya kumpitisha, foleni nzima inasimama. Mwekeni mmoja wenu hapo tangu alfajiri, awe na nakala ya orodha na simu ya afisa wa zamu.

Kama kambi ilishafungwa, tafuta kwanza nani anaimiliki sasa na upate ruhusa yake kwa maandishi. Kisha nenda ukaikague kwa miguu wiki mbili kabla. Mabati ya asbesto yaliyovunjika msiyaguse wala kuyafagia, kwa kuwa vumbi lake hudhuru mapafu. Mahanga, yaani mabweni ya askari, yenye sakafu iliyooza yafungwe kwa kamba. Uwanja wa shabaha nakuomba uuache kabisa, hata kama wazee watasisitiza. Bomu la mortari lililolala ardhini miaka mingi halijapoa, na kutu huweza kufanya fyuzi yake, yaani kilipushi, isitabirike. Mkiona chuma chochote cha shaka, wekeni alama mbali nacho na mwite wataalamu wa milipuko.

Sasa gwaride. Msiwasimamishe zaidi ya dakika kumi. Mtu akisimama wima bila kusogea, damu hutuama miguuni na ubongo hupungukiwa; ndiyo maana hata kuruta huanguka, sembuse mzee anayemeza dawa za presha. Panga viti nyuma ya mstari, kivuli, maji ya kutosha, na muuguzi anayeonekana. Wengi masikio yao yaliharibiwa na milio ya bunduki, kwa hiyo vipaza sauti viwili vilivyo karibu na watu vinafaa kuliko kimoja kikubwa kilicho mbali. Mkipanga kupiga risasi baridi za heshima, zile za mlio tu, tangazeni saa yake kwenye mwaliko na mrudie kutangaza kabla ya kupiga. Kuna wenzetu ambao mlio wa ghafla unawarudisha vitani, nao wapewe nafasi ya kusogea kando bila kuulizwa.

Bendera ikipandishwa nusu mlingoti, ifike kwanza kileleni ndipo ishushwe; wakati wa kuiteremsha, ipande tena kileleni kabla ya kushuka. Majina asome mtu mmoja aliyekwisha kuyafanyia mazoezi kwa sauti mara tatu, huku akiulizia kwa familia matamshi yanayomtatiza. Kila jina lipewe pumzi yake. Marehemu 40, kwa sekunde sita kila mmoja, ni dakika nne tu. Asiharakishwe na mtu yeyote, hata kama mgeni rasmi amechelewa. Wakati huo wote wawe wameketi, wasimame kwa ajili ya buruji na ukimya.

Nitumie kurasa za kombania yetu mara tu zitakapokamilika, nizilinganishe na namba nilizo nazo hapa.

Wako daima,
Mwenzako wa platuni