Tende za Khaburah

Seeb, Maskati, Omani
17 Oktoba 2021

Mamangu mpenzi,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai wewe, khala na watoto wote hapo Kibokoni mu wazima. Mimi sijambo, alhamdulillahi. Pesa za mwezi huu zimepungua. Najua umeshaziona na umenyamaza kama ada yako. Nitakwambia zilikokwenda, lakini kwanza nijibu ulilouliza kwenye simu: vipi maji yaue watu katika nchi isiyo na mvua?

Mama, ni huko huko kukosa mvua. Maskati kwa mwaka mzima hupata kama milimita 100; Mombasa ni zaidi ya 1,000, na ardhi yetu imezoea kunywa. Huku milima ya Hajar ni mawe matupu. Ikinyesha juu, maji yote huteremkia wadi, mito mikavu ambayo siku nyingine ni njia ya mbuzi na magari. Unaweza kuwa umesimama juani na maji yako njiani yanakuja.

Kimbunga wamekiita Shaheen. Kilianzia ng'ambo ya pili ya India kikiitwa Gulab, kikavuka bara lote, kikaingia Bahari ya Arabuni kikapata nguvu upya. Jumapili tarehe 3 kikapiga pwani ya Batinah, ambako vimbunga havikuzoea kufika. Serikali ilitoa mapumziko ya siku mbili, tukajifungia ndani. Mji wa Al Khaburah, kwenye pwani hiyo, ulishukiwa na zaidi ya milimita 300. Waliokufa nchini wamepita kumi, na kuna mtoto aliyechukuliwa na maji. Mungu awarehemu.

Ijumaa iliyofuata nikapanda gari na wenzangu wa gereji. Barabara ya Batinah ilijaa utadhani watu wanakwenda harusini: pikapu zenye majenereta, matangi ya maji, magodoro, mafagio. Watu wametoka mpaka Nizwa, ng'ambo ya milima. Hakuna aliyeulizana kabila.

Nilidhani nitabeba matope, na nikayabeba, ila kazi yangu hasa ikawa kuwazuia watu wasipige stata. Gari likizama, maji huingia kwenye silinda. Ukiwasha, injini unaivunja mwenyewe. Tukawa tunatoa plagi, tunamwaga oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa, tunaosha, tunatia mpya, tunamwaga tena. Oili na filta, mama, ndiko pesa zilikokwenda. Usinikasirikie.

Nisikufiche, si kila kitu kilikwenda sawa. Mikate na chupa za maji zilirundikana kando ya barabara kuu, na ndani mashambani kuna vibarua, wengi wao Wabangali, ambao vyumba vyao vimechukuliwa na nguo na akiba, na hao wakafikiwa mwisho. Tuliwakuta wamekaa juu ya ukuta. Nao ni wageni kama mimi.

Huko ndani ndipo nikakutana na mzee mmoja, mzaliwa wa Unguja. Nilikuwa nimelala chini ya gari lake nikajisemea, "Lo, hili limekwisha," akainama akaniuliza, "Wewe mtu wa Mvita?" Mama, nilicheka peke yangu humo matopeni. Akasema, "Waona fazaa hii?" Nikamwambia naam, watu wamebabaika sana. Akatikisa kichwa. "Hiyo ni fazaa ya Kiswahili. Huku fazaa ni haya magari unayoyaona: mwenzio akipatwa, unatoka mbio kumwendea."

Gari lake halikupona. Nyumbani mwake tope lilifika madirishani. Friji limelala chali, magodoro yamekuwa kama sponji. Mitende imesimama, lakini ndimu zake, ambazo ndizo alizojivunia, zimeng'oka zote. Kilichosalia ni msahafu na ndoo mbili za tende zilizokuwa rafu ya juu. Akanishikisha ndoo moja. Nikakataa, akaniambia yeye hakuniuliza kama nataka.

Basi nimempa kijana wa Majengo anayerudi wiki ijayo, atawaletea. Mpelekee khala nusu, na uzifiche kwanza, maana nawajua wajukuu zako. Na kaka azibue ule mfereji wa nyuma kabla vuli haijaanza. Ameniahidi tangu Ramadhani.

Mwanao