Pasi ndefu haitoki mkononi tu

Mhariri, salamu kwako na kwa wote hapo.

Naandika kuhusu ile makala ya ukurasa wa michezo ilosema pasi kubwa kwenye futiboli ya vyuo vya Marekani, ule mchezo wa mpira wa umbo la yai, hizi za yadi 20 kwenda juu, zinatokana na nguvu za mkono wa kwotabeki, yaani yule mrushaji wa timu. Hapana jamani, mkono ni kitu cha mwisho kabisa.

Chukueni fainali ya vyuo vikuu vya Alabama na Georgia ya Januari 2018, ile iliyoisha huku kwetu ni Jumanne asubuhi watu washaenda kazini. Muda wa nyongeza, Alabama wako nyuma kwa pointi 3, kwotabeki wao Tua Tagovailoa kaangushwa kapoteza yadi 16 na sasa anadaiwa yadi 26 ili timu ipate awamu mpya ya kushambulia. Mchezo unaofuata anaangalia kulia, beki wa mwisho anayafuata yale macho, anachelewa hatua chache tu, halafu mpira unaenda kushoto kwa resiva, yaani mdakaji, DeVonta Smith aliyeshampita beki anayemkaba, yadi 41 hadi kufunga, 26-23, imekwisha. Kilichomfungua Smith ni yale macho.

Na sheria zenyewe zinasaidia. Kwenye vyuo wale wazito wa mbele, watano wanaomkinga kwotabeki, wanaruhusiwa kusogea mbele yadi 3 mpira haujarushwa bado, NFL, ile ligi ya kulipwa, ni yadi 1 tu, kwa hiyo beki akiona wamesukuma mbele anadhani wanakimbia na mpira, anapanda kukaba, na resiva anampita mgongoni.

Halafu kumlinda mrushaji. Watu wanakumbuka pasi 60 za kufunga za kwotabeki Joe Burrow pale chuo kikuu cha LSU (Louisiana State) mwaka 2019, ila ni safu yake ya mbele iliyochukua Tuzo ya Joe Moore mwaka uleule, ya safu bora nchi nzima, hiyo hamkuigusa hata kwa mstari mmoja na mimi iliniuma kweli.

Inaniuma kwa sababu Jumapili jioni nacheza na vijana hapa Bweyogerere, wengi wametoka raga, na kwenye raga kumzuia mtu asiye na mpira ni kosa, so hawajazoea kabisa kuwazuia wapinzani ili kumlinda mrushaji. Wote wanataka kurusha. Wiki iliyopita kijana wa miaka 15 mwenye mkono mzuri sana aliinua mpira, resiva wake yuko huru kule mbali, kapunga mkono, na kabla hajaachia wawili washamfikia maana aliyetakiwa kumlinda naye kakimbilia mbele kudaka. Mpira ulianguka miguuni pake. Yule mtoto akaomba msamaha yeye, wakati kosa halikuwa lake!

Mkiandika tena naomba muanzie kwa wale watano wa mbele, wekeni na picha yao kubwa, vijana wangu gazeti hili wanalisoma.

Msomaji wenu,
Bweyogerere, Wakiso