Barua kwa mwanangu kabla msingi haujachimbwa

Bagamoyo

Mwanangu mpendwa Zuhura,

Assalaam aleikum. Sisi hapa ni wazima, na mguu wangu umepata nafuu tangu uliponitumia fedha za dawa. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza neno. Hamisi anayekuangalizia kiwanja ameniarifu kwamba umeshampa fundi fedha za kuanzia na kwamba msingi wa nyumba yako ya Mapinga utachimbwa wiki ijayo. Nakuomba uisimamishe kazi hiyo mpaka mawe yote manne ya mipaka yaonekane.

Najua utaniambia kwamba kiwanja kimepimwa na karatasi unazo. Ni kweli, na nimejivuna kwa majirani kwamba binti yangu yuko Muscat na mshahara wake anauweka kwenye ardhi. Hata hivyo, karatasi haimwoneshi fundi mahali pa kupiga sururu. Nilikuta jiwe moja upande wa njia na jingine karibu na mwembe. Mawili ya nyuma hayaonekani, na jirani wa huko ameshapanda michongoma akidai kuwa ndio mpaka. Fundi naye anapima kwa hatua akiifuata michongoma hiyo hiyo. Kila jiwe lina namba yake iliyoandikwa kwenye ramani ya upimaji, na wa kuyarudisha mahali pake ni mpima ardhi aliyesajiliwa, jirani na viongozi wa kijiji wakishuhudia. Utalalamika kuhusu gharama yake, lakini ukuta ukiingia kwa jirani hata nusu mita, utaubomoa kwa fedha zako mwenyewe baada ya kuzungushwa kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba.

Mpima akija, akuoneshe pia hifadhi ya barabara, yaani ardhi iliyotengwa kwa ajili ya barabara, inapoishia. Mambo ya Kimara ya mwaka 2017, nyumba zilipobomolewa kwa kuwa ndani ya hifadhi hiyo, sina haja ya kukusimulia wewe. Tangu Sheria ya Barabara ya 2007, hifadhi ya barabara kuu na za mkoa ni mita 30 kila upande kutoka katikati, na dalali hawezi kukutajia habari hiyo.

Kuhusu dalali huyo nilikuasa ukaniona nachelewesha maendeleo yako. Hati bado inasoma jina la muuzaji, na mpaka uhamisho usajiliwe utakuwa unajenga juu ya jina la mtu mwingine. Hamisi aende kwa Msajili wa Hati akafanye upekuzi, ili tujue kama kiwanja hakikuwekwa rehani benki, wala hakina zuio la mahakama. Aulize pia kama mke wa muuzaji aliridhia kwa maandishi, kwa maana wewe ulipeana mkono na mume peke yake ukahesabu kwamba biashara imekwisha.

Usimlaumu Hamisi kwa yule mzee anayelima pale. Aliingia kwa ruhusa, na ruhusa haikutoka kwa Hamisi. Mihogo hainitishi kwa sababu huvunwa ikaisha, lakini safari hii nimeona miche ya minazi, na mwenye mazao ya kudumu hudai fidia. Kwa kuwa hatukuandikiana, kesho anaweza kusema ni pake, na sheria ya ukomo wa muda wa kudai humfungia mlango mwenye ardhi aliyenyamaza miaka 12. Tumekubaliana kwamba atavuna msimu huu na kuihamisha miche yake, na maneno hayo tutayaandika mbele ya viongozi wa kijiji.

Fundi wako ni hodari wa kujenga, ila ana haraka. Katikati ya kiwanja kuna kichuguu ambacho anataka kukisawazisha kwa jembe. Kichimbwe mpaka malkia atolewe, shimo lijazwe na kushindiliwa kwa tabaka, na dawa ya mchwa ipigwe kabla ya jamvi la zege kumwagwa. Visiki vya mikorosho ving'olewe pamoja na mizizi. Upande wa chini maji husimama wakati wa masika, kwa hiyo nyumba isogezwe juu, lakini utaisogezaje ikiwa hujui mpaka wa juu ulipo? Seng'enge nayo ingoje mawe hayo hayo. Kibali cha ujenzi fundi anasema kitafuata baadaye. Mwambie kwamba halmashauri ikipita na rangi nyekundu, alama ya X ya kubomoa haitawekwa kwenye nyumba yake.

Mwanaidi anadaiwa ada ya muhula huu, na bati la jikoni limetoboka, nami nimeweka ndoo chini yake. Hilo la bati halina haraka. Ukiwa na fedha ya ziada mwezi huu, ilipe kwanza kwa mpima.

Nitumie nakala ya ramani ya upimaji inayosomeka namba za mawe, pamoja na hati ya uwakilishi iliyosainiwa ubalozini huko, kwa maana ofisini hawatamsikiliza Hamisi kwa kutaja jina lako tu. Fundi umpigie simu wewe mwenyewe leo. Mimi nikimwambia asimame ananijibu kwamba anamsikiliza mwenye fedha.

Wasalaam,
Mama yako