Faili limegoma kufunguka? Lichomwe bambo kabla hujalipa

Mteja akituletea faili lililogoma kufunguka, swali letu la kwanza ni hili: tangu ligome, umeshalifanyia nini? Majibu tunayajua. Amelibadilisha jina. Amejaribu kulifungua kwenye simu ya rafiki. Amepita stesheneri mbili njiani, ya kwanza wakamwambia flashi imekufa, ya pili wakamwambia wana programu ya kurudisha mafaili, alipie kwanza. Wengine wanatufikia wakiwa wameshalipia.

Katika mzunguko wote huo hakuna aliyelitazama faili lenyewe. Wametazama jina, wametazama ikoni ya Word au ya PDF, wakasoma ujumbe wa kukataa kwenye skrini, basi. Mnunuzi wa mchele wa Kyela hakubali biashara ya namna hiyo. Gunia liandikwe lolote lile, yeye anachukua bambo, kile chuma cha kuchotea sampuli, anachoma, anamimina punje kiganjani, ndipo mnaongea bei. Faili nalo lina bambo lake: amri fupi unayoiandika kwa kibodi, iliyokwisha kuwekwa kwenye kompyuta karibu zote, isiyohitaji intaneti wala leseni. Hapa tunaeleza tunaona nini tukichoma, ili ujue mapema kama kuna kitu cha kulipia.

Amri yenyewe

Faili lolote, liwe barua, picha za sendofu au wimbo, ni mfululizo wa baiti, na kila baiti ni namba kati ya 0 na 255. Word, Excel na programu za kusomea PDF kazi yao ni kuzigeuza namba hizo ziwe kurasa na majedwali. Zikishindwa, zinakwambia faili limeharibika. Kauli hiyo haikusaidii kitu, kwa sababu wanaambiwa hivyo hivyo aliyepoteza baiti chache na ambaye faili lake halina chochote ndani.

Kwa hiyo tunaiweka Word pembeni, tunafungua dirisha jeusi la amri na kuagiza baiti zioneshwe kama zilivyo. Kwenye Windows, faili la maandishi matupu linasomeka kwa amri ya `type`. Mafaili mengine tunayatazama kwa `Format-Hex` ndani ya PowerShell, dirisha jingine la amri la Windows. Anayetumia Linux ana `cat`, `head`, `xxd` na `hexdump`. Hiyo `cat` ni kongwe, ilikuwemo kwenye toleo la kwanza la Unix, mfumo ambao Linux iliuiga, mwaka 1971, na bado tunaitumia kila siku.

Ila usiielekeze `cat` au `type` kwenye picha au faili la Word. Skrini itajaa vikorokoro na kompyuta inaweza kuanza kulia, maana baiti namba 7 ni amri ya kupiga kengele, iliyorithiwa kutoka kwenye mashine za kale za kutuma maandishi kwa waya. Faili halidhuriki, ila walio jirani watageuka kukutazama.

Faili la Word lenye afya likitazamwa kwa `hexdump -C`, mstari wake wa kwanza huanza hivi:

`00000000  50 4b 03 04 14 00 06 00`

Namba za kushoto kabisa zinakuonesha uko baiti ya ngapi. Zinazofuata ni baiti zenyewe, zikiandikwa kwa mfumo wa kumi na sita, kuanzia 00 hadi ff. 50 ni herufi P, na 4b ni K. Hizo ni herufi za jina la Phil Katz, Mmarekani aliyetoa programu ya PKZIP mwaka 1989, kwa sababu faili la docx, sawasawa na la xlsx, ni kifurushi cha zip kilichobeba mafaili madogo ndani. Faili la doc la zamani huanza na d0 cf 11 e0. PDF huanza na %PDF. Picha ya JPEG huanza na ff d8 ff, ya PNG na 89 50 4e 47. Programu za Windows za kuendeshwa huanza na MZ, herufi za Mark Zbikowski wa Microsoft, na ukitumiwa "picha" inayoanza na MZ, futa, usiibofye hata kwa udadisi.

Kutazama kwa namna hii hakubadilishi hata baiti moja. Ndiyo maana tunaanzia hapo, kabla ya programu yoyote ya ukarabati, kwani nyingi kati ya hizo zinaandika juu ya faili lile lile zinalodai kulitibu.

Lebo na kilichomo

Kesi nyepesi kuliko zote ni ya faili ambalo halijaharibika hata kidogo. Mwanafunzi kapakua fomu au matokeo kutoka kwenye mfumo wa chuo, jina linaishia na .pdf, halifunguki. Tukichoma tunakuta `<!DOCTYPE html>`. Huo ni ukurasa wa wavuti. Muda wake wa kuingia kwenye mfumo ulikuwa umekwisha, mfumo ukamrudishia ukurasa wa kuingilia, nao ukahifadhiwa kwa jina la PDF. Aingie upya, apakue upya, aende zake. Dakika tano, na hatumtozi.

Ya picha za iPhone inafanana na hiyo. Ndani unaona maneno `ftypheic`, na mtu kaibadilisha jina iishie na .jpg akidhani imekuwa JPEG. Jina ni jina tu. Tunaigeuza kwa programu inayostahili, picha inatoka nzima.

Sufuri tupu

Habari mbaya inakuja na sura moja tu: 00 00 00 00, mstari baada ya mstari, hadi mwisho wa faili. Jina lipo, tarehe ipo, ukubwa unasoma vizuri kabisa, hata KB 180, na mteja anatuonesha ukubwa huo kama ushahidi kwamba kazi yake imo. Haimo.

Hutokea zaidi kwenye kompyuta za mezani zisizo na betri ya akiba, na masika yakikolea huku kwetu, kwa radi za Rungwe, tunazipokea kwa wingi. Ukibonyeza kuhifadhi, Windows inatenga nafasi kwenye diski na kuandika ukubwa wa faili kwenye kumbukumbu zake, lakini baiti zenyewe zinaweza kubaki kwanza kwenye RAM, kumbukumbu ya muda inayotegemea umeme, zikisubiri zamu ya kuandikwa. Umeme ukikatika katikati ya hapo, RAM inasahau yote. Kompyuta ikiwaka tena inakuta nafasi iliyotengwa ambayo haikuwahi kujazwa, na inakuonesha sufuri. Flashi ikichomolewa kabla ya kuagwa kwa Eject nayo huleta maafa ya jamaa hiyo hiyo, ingawa huko mara nyingi utakuta faili la KB 0, au faili lenye vipande vya kazi nyingine iliyofutwa zamani.

Faili la sufuri halirudishiki kwa programu yoyote, iwe ya bure au ya laki mbili. Hakuna cha kurudisha humo. Anayekutoza kwa ajili ya faili hilo ama hajalitazama, ama amelitazama akanyamaza. Kinachowezekana ni kuitafuta kazi mahali pengine: mafaili ya muda ambayo Word huyaandika pembeni, yenye jina linaloishia na .asd au .tmp, nakala uliyomtumia msimamizi wako kwa barua pepe, ile uliyoituma kwenye grupu la WhatsApp wiki iliyopita, kompyuta ya stesheneri ulikochapishia. Ripoti za fildi tulizowahi kuzipata zilitoka zaidi kwenye sehemu hizo kuliko kwenye diski.

Faili lililokatika njiani lina matumaini zaidi. Mwanzo wake ni PK, hivyo ni docx halali, lakini ukitazama mwisho hukuti 50 4b 05 06, alama ya kufungia orodha ya vilivyomo kwenye kifurushi. Bila orodha hiyo Word inakataa katakata, wakati faili dogo lenye maandishi yako, `word/document.xml`, linaweza kuwa limefika salama. Tunalitoa peke yake. Unapata maneno yako yote, pengine bila picha na bila mapambo. Anayedaiwa ripoti kesho asubuhi halalamikii mapambo. Picha ya JPEG ikikatika hivyo hivyo, sehemu ya juu inaonekana na ya chini inabaki kijivu. Kilichoonekana tunakuokolea, cha kijivu hatukuahidi.

Orodha za wanachama na namba za NIDA

Hapa tunaomba makarani wa AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima), viongozi wa vikoba na wahasibu wa shule watulie kidogo, maana huu ndio uharibifu mkubwa kuliko wote tunaoupokea, na haupigi kelele. Faili linafunguka vizuri. Data ndiyo imekufa.

Umepewa orodha kwa faili la CSV, yaani maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa koma. Unaibofya, Excel inaifungua. Safu ya simu imepoteza sufuri ya mwanzo, 0754 imekuwa 754. Safu ya NIDA, namba ya kitambulisho cha taifa inayoanza na tarehe ya kuzaliwa, inasoma 1.99001E+19 kwa kila aliyezaliwa Januari 1990. Karani anasema orodha imekuja mbovu, anampigia aliyeituma, wanagombana.

Tukiitazama orodha hiyo kwa `type orodha.csv | more`, namba zote zimo, na sufuri zake. Mbovu ni usomaji. Excel ikiona tarakimu inachukulia ni namba ya hesabu, na kwenye namba ya hesabu sufuri ya mbele haina kazi. Isitoshe, Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba. NIDA ina tarakimu 20. Tano za mwisho zinageuzwa sufuri.

Mpaka hapo bado uko salama, kwa kuwa faili kwenye diski halijaguswa. Hatari ni pale unapofunga na Excel inakuuliza kama uhifadhi mabadiliko, nawe unajibu ndiyo kwa mazoea. Baada ya hapo tukichoma tunakuta 1.99001E+19 imeandikwa ndani ya faili lenyewe, herufi kwa herufi. Wanachama mia nne wamebaki na namba moja ya NIDA inayofanana kwa waliozaliwa mwezi mmoja. Hakuna fundi wa kuzirudisha tarakimu hizo, labda mrudi kwenye fomu za karatasi. Kwa hiyo CSV usiibofye. Fungua Excel tupu, nenda menyu ya Data, chagua kuingiza kutoka faili la maandishi, na safu za simu na NIDA uzipe aina ya Text kabla ya kuthibitisha.

Kuna na hili la ng'ombe. Mfugaji wa ng'ombe wa maziwa kaleta orodha ambayo kila penye ng' panasoma ngâ€™. Ile alama ya juu iliyopindwa na Word huandikwa kwa baiti tatu, e2 80 99, na programu inayosoma kwa utaratibu wa zamani inazichukulia kuwa herufi tatu tofauti. Tukizikuta baiti hizo tatu ndani ya faili, ni kuiambia programu isome kwa UTF-8, utaratibu wa herufi unaotumika siku hizi, kazi imekwisha. Tukikuta 3f, ambayo ni alama ya kuuliza ya kawaida, basi kuna aliyeshaihifadhi vibaya na itabidi kusahihisha jina kwa jina.

Jinsi ya kutuletea

Kutazama ni bure, na unakaa upande wetu wa meza uone mwenyewe kinachotoka. Tukikuta sufuri tupu tunakwambia hapo hapo na hulipi kitu. Tukikuta kilichobaki, tunakutajia bei kabla ya kuanza, na tunafanya kazi juu ya nakala, la kwako linabaki kama lilivyokuja. Ujue tu kwamba kutazama baiti ni kusoma: kama faili lina mishahara ya watu au majibu ya hospitali, tuambie, tutaishia mistari ya kwanza na ya mwisho.

Flashi ambayo mafolda yake yamegeuka njia za mkato za KB 1 au 2, usiifomati. Mafolda yako yapo, yamefichwa na kirusi, na `dir /a` huyaonesha yote.

Mlioko Tukuyu, Vwawa au Makambako hamna haja ya kumpa konda flashi. Tumeni faili kwa WhatsApp, ila litumeni kama Document hata kama ni picha. Likipitia kwenye sehemu ya picha, WhatsApp inalibana na kuliandika upya, na hapo tutakuwa tunachunguza kazi ya WhatsApp badala ya faili lenu. Na pamoja nalo mtuandikie lilitengenezwa kwa programu gani, na mara ya mwisho lilifunguka kwenye kompyuta ya nani.